Maneno ya Kwanza ya Bustani ya Mboga: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayeanza

Mtu anayeanzisha bustani ya mboga kwa mara ya kwanza hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: hajaizoea kazi yenyewe, na hajayazoea maneno ya kazi hiyo. Jambo la pili huonekana dogo, lakini mimi naamini ndilo linaloharibu mimea mingi zaidi. Bwana shamba akikuambia, “Sia mbegu kitaluni, miche ikikaribia kuhamishwa uikomaze, kisha upandikize jioni,” amekupa kazi ya mwezi mzima kwa sentensi moja, na kila kitenzi alichotumia kina jambo lake ambalo halifanani na jingine. Asiyetofautisha kusia na kupanda atamwaga mbegu zake za nyanya shambani moja kwa moja, na baada ya wiki mbili atakuwa anatafuta miche katikati ya magugu.

Mwongozo huu unafuata bustani ndogo ya nyumbani kuanzia udongo hadi mavuno, na unaeleza kila neno pale ambapo mkono unalihitaji. Mfano wangu mkuu ni nyanya, kwa sababu hupitia karibu hatua zote. Mchicha na karoti nitavitaja pale vinapokwenda njia tofauti. Maneno mengi ni yale yanayotumiwa na wakulima na mabwana shamba wa Tanzania bara.

Hatua ya kwanza: kuujua udongo

Udongo wa bustani hugawanywa katika aina tatu kuu, na kuzitambua hakuhitaji maabara. Chukua udongo kiasi cha kujaza kiganja, uloweshe kidogo, kisha uufinye. Ukishindwa kushikamana na kumwagika kati ya vidole, huo ni udongo wa kichanga, ambao hupitisha maji haraka na kukauka haraka. Ukiweza kuuviringisha ukawa kama kamba nyembamba isiyokatika, huo ni mfinyanzi, ambao hushika maji kwa muda mrefu, hutuamisha mvua, na hupasuka jua linapowaka. Ukifanya donge ambalo linavunjika ukiligusa kwa kidole, una udongo tifutifu, na mboga nyingi hupenda huo.

Neno rutuba lina maana ya wingi wa chakula cha mimea kilichomo udongoni, na lisichanganywe na unyevu, ambao ni maji yaliyomo. Udongo unaweza kuwa na unyevu wa kutosha na bado ukakosa rutuba. Wakulima husema udongo huo umechoka.

Hatua ya pili: zana

Hapa sitakawia. Jembe la mkono ni la kulimia na kupalilia. Reki ni ya kusawazishia udongo na kukusanya takataka. Panga na fyekeo ni vya kukatia majani. Toroli ni la kubebea samadi. Na keni ni kopo kubwa la kumwagilia, lenye mdomo wa matundu madogo yanayoyatoa maji kama manyunyu. Zana ya kuchotea udongo ina majina mengi, na duka moja litakuelewa ukisema koleo wakati jingine linalijua kama beleshi au sepetu. Usinunue jembe bila kuukagua mpini wake, kwa maana mpini uliolegea huchosha mikono kuliko ardhi ngumu.

Hatua ya tatu: kuandaa eneo

Kazi inaanza kwa kufyeka, yaani kukata majani na vichaka, kisha kung'oa visiki. Baada ya hapo ardhi hukatuliwa: kukatua ni kulivunja eneo kwa mara ya kwanza, na mabonge huachwa makubwa kama yalivyo. Mabonge hayo yakishapigwa jua siku kadhaa, na mizizi ya magugu ikanyauka, ndipo unaporudi kutifua, yaani kuyavunjavunja mpaka udongo uwe laini, na mwisho unasawazisha kwa reki. Anayeruka kutoka kufyeka hadi kusawazisha huwa amezika magugu yakiwa hai.

Ardhi ikishalainika, lazima uamue umbo la sehemu ya kupandia, na hapa kuna maneno matatu ambayo yafaa uyashike vizuri. Tuta ni udongo ulioinuliwa juu ya usawa wa ardhi, kwa kawaida kwa sentimita 15 hadi 20, na upana wake usizidi mita moja ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga. Sesa ni ardhi iliyolimwa na kuachwa tambarare, bila kuinuliwa wala kushushwa. Jaruba ni kipande cha ardhi kilichozungushiwa kingo ndogo za udongo ili maji yakiingizwa yasitoke. Wakulima wa vitunguu wanaomwagilia kwa mifereji, kama wale wa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, hupanda katika majaruba, na wapandaji wa mpunga vilevile.

Uchaguzi kati ya maumbo hayo unategemea maji. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei katika maeneo mengi yenye misimu miwili ya mvua, tuta huokoa mizizi isioze kwa maji yaliyotuama. Wakati wa kiangazi, tuta hilohilo hukauka kabla ya saa sita mchana, na hapo jaruba au sesa lenye kingo ndogo hufaa zaidi, kwa kuwa kila tone linalomwagwa hubaki pale lilipomwagwa. Nimeona bustani nyingi zenye matuta marefu ya kupendeza katikati ya Januari, na mwenye bustani akilalamika kwamba anamwagilia mara tatu kwa siku. Hakukosa bidii, alikosa umbo linalolingana na msimu.

Hatua ya nne: mbolea, na majina yake

Neno mbolea ni la jumla mno, na anayelitumia dukani bila kuongeza neno la pili atapata chochote. Samadi ni kinyesi cha mifugo, na inayofaa ni iliyooza vizuri: haina joto, hainuki, na huvunjika mkononi kama udongo mweusi. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe bila kufa. Mboji hutengenezwa kwa kurundika majani, mabaki ya jikoni, majivu kidogo na samadi kwa tabaka, kuyanyunyizia maji na kuyageuza mara kwa mara. Kwa joto la kwetu, rundo lililotunzwa huwa tayari kwa takriban miezi mitatu. Mbolea za viwandani, ambazo wazee bado huziita mbolea za chumvichumvi, huuzwa kwa majina kama DAP, NPK, Urea na CAN.

Jozi ya maneno inayohitaji uangalifu zaidi ni mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia. Ya kwanza huwekwa shimoni wakati wa kupanda, na huwa na fosforasi kwa wingi ili mizizi ijengeke; DAP ni mfano wake. Ya pili huwekwa mmea ukiwa umeshika na kuanza kukua, na huwa na naitrojeni kwa wingi ili majani na shina vinenepe. Urea na CAN ni mifano yake. Anayezibadilisha hupata nyanya zenye majani mapana ya kijani kibichi na maua machache. Zote mbili zisigusane na mzizi wala shina: weka, funika kwa udongo, kisha ndipo upande au umwagilie.

Hatua ya tano: mbegu

Katika lugha ya shambani, mbegu si punje peke yake. Pingili za muhogo huitwa mbegu, na marando ya viazi vitamu, ambayo hukatwa na kuchomekwa ardhini, nayo huitwa mbegu. Kwa hiyo jirani akikuahidi mbegu ya matembele, njoo na kamba ya kufungia mzigo, si bahasha.

Kwenye pakiti ya dukani tazama mambo matatu: jina la aina, tarehe ya mwisho wa matumizi, na asilimia ya uotaji, yaani mbegu ngapi kati ya mia zinatarajiwa kuota. Huko Tanzania utakutana na aina za nyanya kama Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, na pia utakutana na mbegu chotara. Chotara ni mbegu iliyopatikana kwa kuchavusha mzazi mmoja kwa chavua ya mzazi wa aina nyingine kwa makusudi, na huzaa sana katika msimu wa kwanza. Lakini ukichukua mbegu kutoka katika matunda yake na kuzipanda tena, watoto hawatafanana na mama. Aina za kawaida unaweza kujiwekea mbegu mwenyewe.

Kama una mbegu za zamani, zijaribu kabla ya kuzitegemea. Panga mbegu 20 juu ya kitambaa chenye unyevu, zifunike, na usiache kitambaa kikauke. Zikichipua 16, uotaji wake ni asilimia 80, na hizo zinafaa. Zikichipua 8, nunua nyingine.

Hatua ya sita: kitalu

Kitalu ni mahali padogo pa kulelea miche kabla ya kupelekwa bustanini, na ndipo msamiati wa kilimo cha mboga ulipo mzito zaidi. Nyanya, kabichi, sukuma wiki, bilinganya, pilipili hoho na vitunguu huanzia hapa. Mchicha, karoti, bamia na kunde hupandwa moja kwa moja mahali pa kudumu. Karoti hasa haivumilii kuhamishwa, kwa sababu mzizi wake ndio chakula chenyewe, na ukikatika ncha hugawanyika na kujipinda.

Kusia ni kuweka mbegu kitaluni. Chora vifereji vyenye kina cha sentimita moja, kimoja kiwe umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kingine, dondosha mbegu ndani yake bila kuzirundika, na uzifukie kwa udongo laini. Kitenzi kuatika nacho utakisikia, ila wengine hukitumia kwa maana ya kusia na wengine kwa maana ya kupanda miche iliyokwisha kuota, kwa hiyo muulize anayekielekeza anakusudia ipi. Baada ya kusia, tandaza nyasi kavu juu ya kitalu, mwagilia kwa keni, na chungulia chini ya nyasi kila asubuhi kuanzia siku ya tano. Siku mbegu zinapoanza kutokeza, ondoa nyasi mara moja. Ukichelewa hata siku mbili, miche hurefuka ikitafuta mwanga na kuwa myembamba kama uzi.

Mahali pa nyasi hizo, sasa, jenga kichanja, ambacho ni kipaa kidogo cha fito na makuti au nyasi kinachokinga miche dhidi ya jua kali na matone mazito ya mvua. Mashariki kiwe juu kidogo na magharibi kiwe chini, ili jua la asubuhi liingie na la alasiri lizuiwe.

Jani la mwanzo linalotoka na mbegu si jani halisi. Miche mingi ya mboga hutoa kwanza majani mawili laini yasiyofanana na ya mmea mzima, na hayo hayahesabiwi. Ukiambiwa usubiri majani manne, hesabu yale yanayofuata, yenye umbo la mmea wenyewe.

Miche ikisongamana, kuna kazi inayoitwa kupunguzia: kuing'oa iliyo dhaifu ili iliyobaki ipate nafasi. Wanaoanza huona uchungu kuifanya, na ninawaelewa, kwa maana kila mche unaonekana kuwa nyanya ya kesho. Lakini msongamano pamoja na maji mengi huleta kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaokata miche usawa wa ardhi ikaanguka kwa mafungu usiku mmoja. Dawa ya kwanza ya kinyausi ni nafasi na hewa, na kumwagilia asubuhi badala ya kulaza kitalu kikiwa kimelowa.

Kukomaza ni kuizoesha miche maisha magumu kabla ya kuihamisha. Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, punguza maji kidogo kidogo na ufungue kichanja hatua kwa hatua mpaka miche ikae juani kutwa nzima. Shina hukakamaa na rangi ya majani hukolea. Mche usiokomazwa huzimia siku ya kwanza bustanini, na mwenye bustani hudhani ni ugonjwa.

Hatua ya saba: kupandikiza

Kupandikiza ni kuhamisha mche kutoka kitaluni hadi mahali utakapozalia. Kwa nyanya, mche wa wiki nne hivi, wenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, unafaa. Mwagilia kitalu kwanza ili udongo ushikamane na mizizi, kisha ung'oe mche pamoja na bonge lake kwa kijiti au koleo dogo. Usiuvute kwa shina.

Ukiambiwa nafasi ni “sitini kwa hamsini”, maana yake ni sentimita 60 kutoka mstari hadi mstari na sentimita 50 kutoka mche hadi mche. Namba ya kwanza, kwa desturi, ni ya mistari. Nyoosha kamba kati ya mambo mbili, ambazo ni vijiti vilivyochongwa ncha na kupigiliwa ardhini, na uchimbe mashimo ukiifuata. Panda jioni, shindilia udongo kwa vidole bila kuukandamiza kwa mguu, na umwagilie papo hapo. Baada ya wiki moja pita tena ukijazia mapengo, yaani kupanda miche mingine palipokufa.

Hatua ya nane: matunzo

Kumwagilia ni kutoa maji ya kuufikia mzizi; kunyunyizia ni kurusha matone madogo juu ya majani. Nchini Kenya, hata hivyo, kilimo cha kumwagilia huitwa cha unyunyizaji, kwa hiyo msomaji wa maelezo kutoka pande zote mbili ayatazame maji yanaelekezwa wapi, si neno pekee. Nyanya hupendelea maji chini, kwenye shina, kwa kuwa majani yaliyolowa hukaribisha kuvu.

Kupalilia ni kuondoa magugu, na kazi yenyewe huitwa palizi. Palizi ya kwanza ndiyo isiyostahili kuahirishwa. Katika palizi hiyo ng'oa pia maotea, mimea iliyojiotea kutokana na mbegu za msimu uliopita, kwa sababu hubeba magonjwa ya msimu huo. Kupandishia udongo ni kuuvuta udongo kwa jembe hadi kwenye shina ili mmea usimame na mizizi ifunikwe. Matandazo ni majani makavu yanayotandazwa juu ya ardhi kuzuia jua lisinyonye unyevu. Yasigusane na shina.

Nyanya ndefu husimikiwa miti na kufungwa kwa kamba laini yenye umbo la namba nane, ili shina lisikatwe linaponenepa. Kupogoa ni kuondoa matawi na machipukizi yasiyohitajika, hasa yale yanayotokeza katika kwapa la jani, na hufanywa yakiwa madogo, kwa vidole, asubuhi ya jua.

Hatua ya tisa: wadudu, magonjwa na neno “dawa”

Neno dawa limebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Anayeingia duka la pembejeo na kuomba “dawa ya nyanya” hajasema anachotaka. Jina la jumla ni viuatilifu, na ndani yake kuna viuadudu vya kuua wadudu, viuakuvu vya kuzuia ukungu, na viuagugu vya kuua magugu. Kiuadudu hakitibu ukungu hata ukipulizia kila siku, na kiuagugu kikimwagwa juu ya mchicha kimakosa, mchicha nao utakufa.

Kwa hiyo taja unachokiona. Vidukari, ambavyo wengi huviita wadudu mafuta, hukaa kwa makundi chini ya majani machanga na kuyakunja. Utitiri ni wadogo sana, huacha utando mwembamba na vidoa vya njano. Sota ni kiwavi anayejificha udongoni mchana na kukata miche usiku. Kantangaze ni jina ambalo wakulima wa nyanya wamempa kiwavi anayechimba njia ndani ya majani na kutoboa matunda. Upande wa magonjwa, bakajani huleta mabaka yanayopanuka kwenye majani, na ubwiri unga huyafunika kana kwamba yamemwagiwa unga mweupe.

Mnyauko bakteria hutofautiana na kunyauka kwa kiu, na kuna jaribio jepesi la kuupima: kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi, na usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka penye mkato, ni bakteria, na mmea huo ung'olewe na kuchomwa, kisha mahali hapo pasipandwe nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa, maana yote ni ya jamii moja. Kuoza kitako, yaani doa jeusi chini ya tunda, si ugonjwa wa kuambukiza: hutokana na upungufu wa kalisi katika tunda, mara nyingi kwa sababu umwagiliaji unakwenda kwa kusuasua, leo maji mengi na kesho hakuna. Anayenunua kiuakuvu kwa tatizo hilo anapoteza fedha zake.

Ukipulizia kiuatilifu chochote, soma kwenye lebo muda wa kusubiri, ambao ni siku zinazotakiwa kupita kati ya kupulizia na kuchuma. Huo haujadiliwi, kwa kuwa wanaokula ni watoto wako.

Hatua ya kumi: mavuno

Kuvuna ni neno la jumla, lakini kila zao lina kitenzi chake. Nyanya, bamia na pilipili huchumwa. Karoti hung'olewa. Viazi huchimbwa. Mchicha unaweza kung'olewa pamoja na mizizi wiki tatu au nne baada ya kuota, au kukatwa juu kidogo ya ardhi ili uchipue tena. Sukuma wiki huchumwa majani ya chini, mawili au matatu kwa kila shina, na moyo wake wa juu huachwa. Nyanya ya kupelekwa mbali huchumwa ikianza kubadilika rangi, pamoja na kikonyo chake, ambacho ni kile kijiti kinacholishikilia tunda. Ya kuliwa nyumbani iache iive mtini.

Acha mashina mawili au matatu ya mchicha yasiguswe mpaka yatoe mashuke na kukauka. Yakate asubuhi kabla upepo haujaanza, yapure juu ya turubai kwa fimbo, pepeta makapi, anika mbegu kivulini siku mbili tatu, kisha uzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko na uandike juu yake jina la aina na tarehe.